Jinsi ya kufuatilia hela ya kuchimba kina cha bandari kwenye bajeti ya Marekani, hatua kwa hatua

Hii naandika kwa ajili ya ndugu zangu mnaoagiza mzigo kuingia Marekani kwa meli, kahawa, viungo, vinyago, vitenge, chochote kile, na pia wale mnaofanya kazi bandarini au mnasoma mambo ya fedha za umma na mnataka kuelewa mfano mmoja mpaka mwisho. Kuna tozo ndogo unalipa kila kontena likishuka, na sheria inasema hela ile ni ya kutunza njia za meli, yaani kuondoa mchanga na tope ili kina kisipungue. Watu wengi wanajua wanalipa ila hawajui inaenda wapi, na wakisikia Mfuko wa Matunzo ya Bandari, ambako tozo hiyo inawekwa, umejaa mabilioni huku bandari fulani inalia kina kimepungua wanadhani kuna mtu kala. Hela ipo. Shida kubwa ya miaka mingi ilikuwa ruhusa ya kuitumia, na ruhusa ina sheria zake, na ukizijua unaweza kuifuatilia mwenyewe na hata kuisukuma.

Kabla ya yote shika hili: salio la mfuko ni kitu kimoja na ruhusa ya kutumia ni kitu kingine kabisa. Ni kama sanduku la vikoba lenye kufuli tatu, hela mnaiona imo humo ndani ila hamna anayechukua mpaka wenye funguo wote wakae pamoja. Ukilisahau hili utachanganyikiwa kila mahali huko mbele.

Hatua ya 1: Jua nani anatunza nini

Kwetu ukisema bandari ya Dar unamaanisha TPA, ukisema Mombasa unamaanisha KPA, na mamlaka hiyo hiyo ndo inahangaika na gati na mlango wa kuingilia meli na kila kitu, ndo maana hata kazi ya kuongeza kina cha Dar ilipofika serikali ilikopa Benki ya Dunia, dola milioni 345 mwaka 2017, kwa ajili ya mradi wa bandari yenyewe. Marekani wamegawana. Bandari ni mali ya mji, kaunti au jimbo, saa zingine kampuni binafsi, na hao wanahusika na gati, yadi, kreni na kina cha pale pale meli inapofunga kamba. Njia ya meli kutoka bahari kuu mpaka karibu na gati ni kazi ya serikali kuu, na anayeifanya ni Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, ambacho hapa nitakiita Kikosi.

Kwa hiyo ukisikia "kina kimepungua" uliza kwanza ni wapi. Kama ni kwenye gati, kwa kawaida usipoteze muda wako na bajeti ya Washington. Kama ni kwenye njia ya meli, endelea kusoma.

Halafu tofautisha kutunza na kuongeza. Kutunza ni kurudisha kina kile kile ambacho sheria ilishaidhinisha, tuseme futi 42 zimejaa mchanga zikawa 38, unachimba kurudi 42. Kuongeza ni kutoka 42 kwenda 47, kama walivyofanya Savannah kazi ikaisha 2022. Huo ni ujenzi, una fungu lake na bandari inachangia sehemu ya gharama, na Mfuko tunaouzungumzia hapa haukuwekwa kwa kazi hiyo. Kwenye kutunza, mpaka futi 50 serikali kuu inabeba gharama yote kupitia Mfuko, ukivuka futi 50 ile gharama ya ziada inayotokana na kina cha juu ya hapo upande wa bandari unabeba nusu.

Hatua ya 2: Tafuta ulicholipa kwenye makaratasi yako

Chukua fomu ya forodha namba 7501, ile ambayo wakala wako anaijaza mzigo ukiingia. Tafuta mstari wenye namba ya ada 501, hiyo ndo tozo ya matunzo ya bandari, kwenye makaratasi wanaiandika HMF. Usiichanganye na 499 ambayo ni ada ya kushughulikia mzigo, hiyo ni kitu kingine na ina kiwango cha chini na cha juu. HMF haina dari.

Hesabu yake ni asilimia 0.125 ya thamani ya mzigo. Kontena la kahawa la dola 80,000 unalipa dola 100. Mzigo wa milioni moja, dola 1,250. Ni hela ndogo kwa mtu mmoja ila fikiria makontena yote yanayoshuka Los Angeles kwa mwaka ndo utaelewa mabilioni yanatoka wapi.

Mambo machache ya kuangalia hapa. Mzigo uliokuja kwa ndege haulipi, ukiona 501 kwenye mzigo wa ndege muulize wakala wako. Mzigo ulioshuka bandari ya Canada ukaingia Marekani kwa treni au lori haulipi pia, na hili limewaumiza sana watu wa Seattle na Tacoma maana wanaona makontena yanaenda Vancouver na Prince Rupert yanakwepa tozo halafu yanaingia Marekani kwa reli. Mzigo wa ndani, yaani unaotoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine, unalipiwa kila robo mwaka, ila kuna misamaha kadhaa inayohusu Alaska, Hawaii na visiwa vya Marekani. Abiria wa meli za kitalii nao wamo, kiwango ni kile kile kwenye nauli.

Na wewe unayetuma gari au mzigo kwenda Dar au Mombasa hulipi hata senti. Mwanzoni tozo ilikuwa inakatwa pia kwenye mzigo unaotoka, kampuni ya viatu United States Shoe ikaenda mahakamani, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja kwamba Katiba inakataza kodi kwenye bidhaa zinazouzwa nje, na kwa kuwa tozo inahesabiwa kwa thamani ya mzigo na sio kwa huduma meli inayopata, basi ni kodi. Kuanzia hapo wanaolipa ni upande wa kuingiza tu karibu wote. Mtu akikuandikia HMF kwenye mzigo wa kutoka Marekani mwambie aonyeshe sheria gani.

Hatua ya 3: Fuata hela inavyoingia kwenye Mfuko

Forodha wanakusanya, inaingia Hazina, inaandikwa kwenye Mfuko wa Matunzo ya Bandari, ulioanzishwa kwa sheria ya maji ya mwaka 1986. Tozo yenyewe ilianza Aprili 1987 kwa asilimia 0.04, ikapandishwa mpaka 0.125 kuanzia 1991, na haijabadilika tangu hapo. Hela ambayo haijatumika inawekezwa kwenye dhamana za serikali hiyo hiyo na inapata riba.

Maana yake ni kwamba hakuna chumba mahali kina noti zimekaa. Serikali ilishazitumia kwa mambo mengine, na Mfuko una karatasi inayosema serikali inadaiwa na Mfuko. Ndo maana ukisoma kwamba salio lilivuka dola bilioni 9 kufika 2020, usione hizo ni hela za kuchota kesho asubuhi. Kila dola ikitoka ni matumizi mapya kwenye bajeti ya mwaka huo.

Hatua ya 4: Elewa ukomo, hapa ndo penye mambo yote

Soma hii sehemu taratibu.

Mfuko haujitumii wenyewe. Kila mwaka Kongresi, yaani bunge la Marekani, lazima ipitishe sheria ya matumizi inayosema Kikosi kitumie kiasi fulani, na kati ya hicho kiasi fulani kitoke kwenye Mfuko. Bila hiyo sheria Kikosi hakiwezi hata kusaini mkataba, ni kosa kisheria afisa wa serikali kuahidi hela ambayo haijapitishwa.

Sasa zile sheria za matumizi zinagawiwa kwa kamati ndogo 12, na kila kamati inapewa ukomo wake, yaani kiasi cha matumizi ambacho haiwezi kukizidi, mwanzoni mwa mzunguko. Bandari ziko kwenye kamati ndogo ya nishati na maji, ambayo pia inabeba Wizara ya Nishati yenye maabara na silaha za nyuklia, mabwawa, kuzuia mafuriko, umwagiliaji wa majimbo ya magharibi. Wote wanakula chungu kimoja chenye ukomo mmoja.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa hivi: unalipa tozo, tozo inaingia upande wa mapato, haisaidii ukomo wa kamati. Kamati ikitaka kutoa milioni 200 zaidi za kuchimba mchanga, hata kama Mfuko una bilioni 9, lazima ikate milioni 200 kwa mtu mwingine ndani ya chungu kile kile, labda ukuta wa mafuriko wa mji fulani. Unafikiri watachagua nini? Wakawa wanatoa kiasi cha kufanya meli zisikwame, salio likawa linakua mwaka hadi mwaka, na njia nyingi za meli hazikuwa na kina na upana kamili ambao sheria imeidhinisha. Kwa maoni yangu hii haikuwa haki kwa walipaji, ukimwambia mtu hela hii ni ya kazi fulani halafu ukaipanga kwenye hesabu kwa namna ambayo kuitumia kwa kazi hiyo kunamuumiza mwingine, umemdanganya hata kama kila karatasi imesainiwa vizuri.

Mwaka 2014 Kongresi ikaweka malengo ya kupandisha matumizi kidogo kidogo mpaka kufikia asilimia 100 ya makusanyo ifikapo 2025. Ilisaidia kusukuma ila yalikuwa malengo tu, ukomo ulibaki pale pale.

Mabadiliko ya kweli yalikuja 2020, mara mbili. Kwanza ile sheria kubwa ya korona ya mwezi Machi, CARES, ndani yake kukawa na kifungu kinachosema matumizi yanayotoka Mfuko wa bandari hayatahesabiwa kwenye ukomo, mpaka kufikia kiasi kilichokusanywa kwenye mwaka wa fedha wa miaka miwili nyuma. Halafu Desemba ile ile 2020 sheria mpya ya maji ikaongeza kwamba juu ya hapo unaweza kuchota na kwenye lile salio la zamani bila kugusa ukomo, kuanzia milioni 500 kwa mwaka wa fedha 2021, milioni 600 kwa 2022, inapanda kila mwaka mpaka bilioni 1.5 ifikapo 2030.

Huo ndo ufunguo uliokuwa unakosekana. Tangu hapo kamati ikitoa hela ya bandari ndani ya kiwango hicho hainyang'anyi mtu.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwaka wako

Chukua mwaka wa fedha unaoutaka. Kumbuka mwaka wa fedha wa serikali kuu ya Marekani unaanza Oktoba 1, kwa hiyo 2024 ulianza Oktoba 2023. Rudi miaka miwili nyuma utafute makusanyo ya Mfuko, yaani ya 2022. Ongeza kile kiasi cha salio la zamani kwa mwaka wako, kwa 2024 ni milioni 800. Jumla unayopata ndo kiwango cha juu kinachoweza kutumika bila kuhesabiwa kwenye ukomo. Siku hizi jumla hiyo inazidi dola bilioni 2.

Halafu weka namba tatu pembeni yake: Rais aliomba kiasi gani, Baraza la Wawakilishi na Seneti waliweka kiasi gani kwenye miswada yao, na sheria ya mwisho ilisema nini. Mara nyingi utakuta ombi la Rais liko chini ya kiwango na Kongresi inapandisha. Usishangae, kile kiwango ni ruhusa, hakuna anayelazimishwa kukifikia, na ndo maana kila mwaka watu wa bandari lazima waende kuomba tena.

Hatua ya 6: Fuata kalenda, usichelewe

Makosa ya wengi ni kuanza kupiga kelele pale mswada ukiwa umeshafika kupigiwa kura. Mzunguko unaanza mapema sana, wilaya za Kikosi zinaandaa mahitaji yao karibu miaka miwili kabla, zinapandisha makao makuu, kisha kwa Katibu Msaidizi wa Jeshi anayeshughulikia kazi za kiraia, kisha OMB ambayo ndo ofisi ya bajeti ya Ikulu. OMB inarudisha majibu kwenye mwezi wa 11 hivi, na bajeti ya Rais kisheria inatakiwa kufika Kongresi Jumatatu ya kwanza ya Februari ingawa kuchelewa ni kawaida. Kuanzia hapo wabunge wanapokea maombi ya maeneo yao na kamati ndogo zinaandika miswada.

Kwa hiyo kama una bandari yako unayoijali, mtu wa kwanza kuongea naye ni ofisi ya wilaya ya Kikosi, ule upande wa usafiri wa majini, waulize mradi wetu umeombewa kiasi gani na kiwango gani cha kina. Mbunge anafuata. Ukimfuata mbunge bila kujua wilaya iliandika nini atakuuliza swali hilo hilo na utakosa jibu.

Oktoba ikifika bila sheria mpya, Kongresi inapitisha sheria ya muda ya kuendeleza viwango vya mwaka uliopita. Chini ya hiyo kazi za matunzo zinazoendelea zinaendelea ila mambo mapya hayaanzi, na mgao wa nyongeza unasubiri. Kwenye kuchimba hii inauma kuliko watu wanavyodhani, maana pwani ya kusini mashariki kwa mfano zile meli za kufyonza mchanga kwa desturi zimekuwa zikifanya kazi miezi ya baridi ili kuepuka kasa, sasa hela ikija mwezi wa nne msimu umepita, na meli zenyewe ni chache kwa sababu sheria ya Marekani inataka zilizojengwa Marekani.

Hatua ya 7: Soma mgao na mpango kazi

Sheria ikipita usiishie kwenye mswada, ndani yake utakuta namba kubwa tu ya uendeshaji na matunzo. Fungua maelezo ya pamoja yanayoambatana nayo, pale kuna jedwali refu la kila mradi kwa kila jimbo, tafuta jina la njia yako ya meli, sio jina la mji. Ukishuka chini zaidi kuna mafungu ya hela ya nyongeza yasiyo na jina la mradi, moja la bandari za kina kirefu, lingine la bandari ndogo na za mbali na zile ambazo jamii inazitegemea kwa chakula na maisha. Hizo Kikosi kinazigawa chenyewe kupitia mpango kazi, ambao kwa kawaida kinapewa siku 60 kuuwasilisha baada ya sheria kusainiwa. Bandari nyingi ndogo hazionekani kwenye bajeti ya Rais kabisa, zinaokolewa hapa, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Sheria ya 2020 imeweka pia viwango vya mgao. Bandari ndogo, zinazopitisha chini ya tani milioni moja kwa mwaka, zipate angalau asilimia 15. Maziwa Makuu ya huko Marekani asilimia 13. Bandari zinazochangia sana na kurudishiwa kidogo, pamoja na zile za nishati, asilimia 12. Hilo kundi la wachangiaji ni akina Los Angeles, Long Beach, Seattle, Tacoma, njia zao hazijai mchanga haraka kwa hiyo hawahitaji kuchimba sana wakati mlango wa mto Mississippi unajaa tope kila mwaka. Binafsi naona ile 15 ya bandari ndogo ndo bora kuliko zote, maana kijiji cha wavuvi hakina mtu wa kwenda kukaa Washington kuwaombea.

Hatua ya 8: Linganisha na kina halisi

Kikosi kinachapisha vipimo vya kina kwenye mtandao wao wa eHydro, bure. Chukua kina kilichoidhinishwa, linganisha na kipimo cha mwisho, angalia na upana pia, maana mara nyingi katikati ya njia kuko sawa ila kingo zimejaa na meli mbili kubwa haziwezi kupishana. Piga picha ya skrini, weka tarehe.

Kama bandari yako imekosa hela, njia zilizobaki ni hizi. Ya kwanza mpango kazi niliousema hapo juu, wahini kabla ya zile siku 60 kuisha. Ya pili ombi la mradi wa eneo kupitia mbunge au seneta, utaratibu huo ulirudishwa 2021 na una tarehe zake za mwisho ambazo kila ofisi inatangaza, mara nyingi ni miezi ya mwanzo wa mwaka. Ya tatu bajeti za nyongeza, zikitokea dhoruba au sheria kubwa kama ile ya miundombinu ya 2021 iliyompa Kikosi bilioni 4 upande wa uendeshaji na matunzo. Ya nne bandari au jimbo kuchangia hela yao wenyewe kwa mkataba na Kikosi ili kazi ifanyike sasa, hii inawezekana kisheria, ila waambie viongozi wenu waisome vizuri kabla ya kusaini na wasiweke kwenye hesabu zao kwamba watarudishiwa.